Tulipokwenda kulitazama ziwa



Juma lililopita niliahidi kuwaeleza habari ya safari yetu ya Kalemie. Najua wengi wenu mmekwisha kusikia nusu ya habari hiyo sokoni, na nusu iliyotembea haraka ni ile mbaya: kwamba mtoto aliugua huko ziwani. Ni kweli, mtoto aliugua. Mtoto mwenyewe ni wa mdogo wangu, na safari niliipanga mimi, basi sina sababu ya kuficha. Lakini habari nzima ni ndefu kuliko ile ya sokoni. Kaeni chini, wekeni sombe motoni, tuongee.

Mwanzo wa mambo

Jambo hili lilianzishwa na mwenzetu anayeuza ndagala. Siku moja tulikuwa tunagawa likelemba, yeye akasema: «Miaka ishirini nauza ndagala. Nimewasomesha watoto kwa ndagala. Lakini mimi naijua ndagala kavu tu. Sijaiona ingali inaruka. Na ziwa lenyewe sijaliona.»

Tulicheka kwanza. Halafu tukaanza kuhesabu. Katika wamama kumi na wanne tuliokuwa pale, ni watatu tu waliowahi kufika Kalemie, na hao watatu walikwenda kwa mambo ya hospitali au kilio. Hakuna hata mmoja aliyekwenda kutazama tu. Jimbo letu linaitwa Tanganyika tangu mwaka 2015, jina tunaliandika kwenye kila karatasi ya mtoto ya shule, na lile ziwa lenye jina hatulijui.

Mama mmoja alikataa. Alisema: «Ziwa haliliwi.» Mwenye ndagala akamjibu: «Hata harusi hailiwi siku ya pili, na bado tunachanga.»

Tukakubaliana kila anayetaka aweke franka elfu tano kwa juma, mbali na likelemba ya kawaida, kwa majuma ishirini. Wakabaki wamama tisa, na watoto watano wakubwa kidogo. Wadogo wa kubebwa tuliwaacha kwa bibi zao.

Nyumbani kwa mdogo wangu mazungumzo yalikuwa hivi. Shemeji aliuliza: «Mnakwenda kufanya nini?» Akajibiwa: «Kutazama.» «Kutazama nini?» «Maji.» «Na Luvua si maji?»

Ulizo hilo mlishike vizuri. Litarudi.

Njiani na kufika

Tuliondoka mwezi wa saba, shule zimefungwa na njia zimekauka. Kwenye kamyo tulikaa juu ya mizigo, tukalala njiani usiku mmoja, vumbi likatugeuza wote rangi moja. Sitasema mengi juu ya njia. Anayeishi hapa anaijua. Tulipokelewa na jamaa ya mwenzetu mmoja, wakatupa chumba na ua wa kupikia.

Tulifika jua linashuka. Watoto ndio waliliona kwanza. Mmoja akauliza: «Mama, ng'ambo iko wapi?» Tukatafuta ng'ambo. Haikuwapo. Kwenye Luvua ukisimama huku unamwona mtu wa huko, unaweza hata kumsalimu. Hapa maji yalikwenda, yalikwenda, yakaingia ndani ya mbingu. Mwenyeji wetu alituambia kwamba wakati wa mvua, hewa ikisafishwa, milima ya Tanzania huonekana. Lakini mwezi wa saba moshi wa majani yanayochomwa na vumbi la kiangazi hufunika kila kitu. Kwa hiyo wanaotaka kuona ng'ambo wasiende mwezi wa saba, na wasiotaka kukwama kwenye matope wasiende wakati wa mvua. Kila mwezi una bei yake.

Mwenye ndagala hakusema neno. Alivua viatu, akasimama maji yakifika kwenye vifundo, akashika kitenge chake juu kidogo. Alikaa hivyo mpaka giza. Tulipomwita kula bukari alisema: «Nakuja,» na hakuja.

Mambo ya kumwambia mtoto

Watoto wanauliza, na mama asiyejua hujibu «nyamaza». Ili msinyamazishe watoto wenu, haya ndiyo tuliyoyakusanya kwa wenyeji, kwa mwalimu mmoja aliyetutembeza, na kwa vitabu vya shule.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa karibu 673, na mahali penye upana zaidi ni kilometa karibu 72. Nchi nne zinaligawana: Kongo yetu, Tanzania, Burundi na Zambia. Kina chake kinafika metre karibu 1.470. Duniani kote ziwa linalolipita kwa kina ni moja tu, Baikal, kule Urusi. Liko juu ya bahari kwa metre zaidi ya 770, na pande zake milima imesimama, kwa sababu ardhi ilipasuka pale tangu zamani sana, mamilioni ya miaka, na maji yakajaa katika ufa ule. Ndiyo sababu hatua chache kutoka ukingoni unaweza kukosa pa kukanyaga. Hilo mtoto alijue kabla hajavua nguo.

Mito mingi inaingia ziwani, lakini unaotoka ni mmoja tu, Lukuga, na unatokea pale pale Kalemie. Msafiri Mwingereza aitwaye Cameron aliuona mwaka 1874, akaandika habari zake, na wazungu wakabishana kwa miaka kama kweli unatoka au unaingia. Wenyeji wangeulizwa wangesema. Ajabu nyingine ni kwamba Lukuga haibebi sehemu kubwa ya maji yanayoondoka. Sehemu kubwa inapanda juu kwa jua, kama maji ya sufuria isiyofunikwa.

Tulisimama kandokando ya Lukuga, mwalimu akauliza watoto: «Maji haya yanakwenda wapi?» Yanakwenda magharibi mpaka Lualaba. Na Luvua yetu? Inatoka ziwa Mwero, pale Pweto, inapita hapa kwetu Kiambi, inaingia Lualaba pale Ankoro. Kwa hiyo maji ya Kalemie na maji ya Kiambi yanakutana katika mto mmoja na kwenda baharini pamoja. Mtoto mmoja wa kike alitupa jani kwenye Lukuga akasema: «Salimu yetu.»

Na habari ya mashua. Mji wa Kalemie ulianzishwa na Wabelgiji mwaka 1891 kwa jina la Albertville, na njia ya gari la moshi kutoka Kabalo ilifika mwaka 1915. Mwaka huo ilikuwa vita kubwa, na Wajerumani walitawala ziwa kwa meli zao. Waingereza wakaleta mashua mbili ndogo. Zilitoka kwao kwa meli mpaka Afrika ya Kusini, zikapanda gari la moshi mpaka Katanga, halafu zikavutwa msituni, zikateremka Lualaba kutoka Bukama mpaka Kabalo, na mwisho zikafika ziwani. Kazi ya kukata miti na kujenga madaraja mengi ilifanywa na mikono ya mababu zetu, ambao majina yao hayakuandikwa. Mashua moja iliitwa Toutou, na ya pili, mtacheka, iliitwa Mimi. Tarehe 26 mwezi wa kumi na mbili 1915 zikakamata meli ndogo ya Wajerumani, Kingani. Kwa siku mbili watoto wetu hawakuacha kuulizana: «Nani alishinda vita?» «Mimi!»

Meli kubwa ya Wajerumani, Graf von Götzen, waliizamisha wenyewe mwaka 1916 ili isishikwe. Waingereza wakaitoa chini ya maji mwaka 1924, na tangu 1927 ikafanya kazi kwa jina la Liemba, jina la zamani la ziwa, ikibeba watu na mizigo upande wa Tanzania kwa miaka mingi sana. Mama mmoja alisema: «Kumbe aliyezamishwa anaweza kuibuka na kufanya kazi kuliko wale waliomzamisha.» Hakuna aliyemuuliza alikuwa anamfikiri nani.

Taa za usiku

Kama mnakwenda, chagueni usiku usio na mwezi. Ndagala huvuliwa kwa taa. Wavuvi wanasukuma mitumbwi mpaka mbali, wanawasha taa, ndagala wanapanda kuifuata nuru, na wavu unawainua. Mwezi ukiwa mkubwa taa haina nguvu, na wavuvi wengi hupumzika. Sisi tulifika giza la mwezi. Tulikaa juu ya mchanga, tumejifunika mablangeti kwa sababu upepo wa kiangazi ni baridi, tukaona taa moja, halafu kumi, halafu hatukuhesabu tena. Ilikuwa kama mji mwingine umejengwa juu ya maji. Wamama tuliimba kidogo. Hakuna aliyetuita, hakuna aliyeuliza maji ya kuoga yako wapi. Mmoja wetu, mama wa watoto saba, alisema hajakaa usiku bila kazi mkononi tangu alipoolewa. Akasema tena: «Mikono yangu haijui iende wapi.»

Alfajiri tulikwenda kuwapokea wavuvi. Mwenye ndagala aliona ndagala wake wakiruka. Aliingiza mikono yote miwili ndani ya kikapo, akawaacha wateleze kati ya vidole, rangi ya fedha. Kisha yule mama wa biashara akaamka ndani yake. Alizunguka ukingo wote akitazama jinsi wanavyokausha. Wengine wanamwaga ndagala moja kwa moja juu ya mchanga. Wengine wana vichanja vya miti vyenye wavu juu yake, na ndagala wanakauka hewani. «Miaka ishirini,» akasema, «watu wa Kiambi wananilaumu kwamba ndagala zangu zina mchanga. Mimi nilidhani mchanga unaingia njiani!» Kabla jua halijapanda alikuwa amepatana na mama mmoja wa vichanja, bei na namna ya kutuma. Gunia la kwanza limekwisha kufika. Ulizeni wanaonunua kwake.

Aliona pia jambo lililomkasirisha: wavu wa mbu ukivutwa na vijana karibu na ukingo, ndani yake visamaki visivyofika ukucha. Wavuvi wazee walituambia kwamba samaki wanapungua, na kwamba wavu wa namna hiyo ni kula mbegu. Mwalimu akaongeza kwamba wenye elimu wamepima ziwa wakaona maji ya juu yanazidi kuwa na joto, na maji ya joto yanakaa juu bila kuchanganyika vizuri na ya chini, ambako chakula cha viumbe vidogo kimelala. Viumbe vidogo vikikosa chakula, ndagala anakosa, na mikeke anayemla ndagala anakosa. Mwisho wa mstari huo ni sahani ya mtoto wa Kiambi.

Sasa habari ya mtoto

Tulikuwa tumejiandaa. Tunajua Kalemie na kipindupindu wanafahamiana tangu zamani. Ugonjwa unapungua, unarudi. Na miaka hii ziwa limepanda sana, hasa mwaka 2024, likaingia nyumba za watu na vyoo vyao, na uchafu wote ukachanganyika. Kwa hiyo tulibeba bidoni mbili za maji yaliyotiwa dawa, sabuni, na vikombe vyenye jina la kila mtoto.

Siku ya pili saa sita za mchana wamama tulikuwa tunasugua sufuria kwa mchanga. Bidoni ilikuwa kivulini, hatua ishirini. Mtoto wa mdogo wangu, wa miaka saba, alikuwa ametoka kukimbia. Aliinama, akakusanya maji ya ziwa kwa mikono miwili, akanywa. Nilimwona. Nilipiga kelele, naye tayari alikuwa anafuta mdomo.

Usiku huo akaanza kuharisha. Mara ya kwanza, mara ya pili, halafu akatapika. Mdogo wangu alinitazama tu. Wamama, jicho lile mnalijua. Hakunilaumu kwa neno, na ningependa kama angenilaumu.

Tulifanya mambo mawili, na nayaandika polepole ili kila mmoja ayashike. Kwanza, tulitengeneza maji ya chumvi na sukari: litre moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Si zaidi. Tukampa kidogo kidogo kwa kijiko, na alipotapika tulingoja dakika kumi tukaanza tena. Pili, hatukungoja asubuhi. Kipindupindu kinaweza kumaliza mtu kwa saa chache tu, hakina adabu ya kungoja jua. Mwenyeji wetu alitupeleka kituo cha afya kwa motó, mtoto katikati, mimi nikafuata kwa miguu na wengine wawili.

Muuguzi wa zamu alikuwa mama wa umri wetu. Alimpima, akabana ngozi ya tumbo kuona kama inarudi haraka, akatazama macho na mdomo, akaulizia mkojo. Akatuambia kinyesi hakikuwa kama maji ya mchele, na mtoto bado alikuwa na nguvu ya kulia, jambo lililokuwa zuri. Alimlaza pale, akaendelea kumpa maji ya chumvi na sukari, akatoa vidonge vya zinki vya siku kumi. Kulipokucha kuharisha kulipungua. Saa tatu mtoto aliomba mkate.

Nikaona nimeokoka. Nikamwambia muuguzi: «Ni ziwa hili, mama. Alikunywa jana mchana.» Yeye akasema: «Labda. Labda ni kitu alichokula njiani. Labda alitoka nacho nyumbani. Magonjwa haya mengine yanakaa siku mbili tatu ndani ya tumbo kabla ya kuonekana. Nyumbani mnakunywa maji gani?»

«Ya mto.»

«Mnayachemsha?»

Mimi na mdogo wangu tulitazamana. Wamama wapenzi, mimi ndiye mwenye kuandika kwenye karatasi hii kila juma. Nimekwisha kuandika mara ngapi juu ya maji ya kunywa? Na pale nilinyamaza kama mtoto aliyevunja chungu. Kwa safari ya siku chache tulibeba dawa ya maji, sabuni na vikombe vyenye majina. Kiambi, mahali tunapoishi siku zote za mwaka, mtoto huyo huyo anakunywa Luvua kwa kopo, akitoka shule, mbele ya macho yetu, na hakuna anayepiga kelele. Tunaogopa maji ya ugenini. Ya kwetu tunayaita maji tu.

Kurudi

Shemeji alitupokea na neno moja: «Nilisema.»

Nilikuwa tayari kujitetea. Mdogo wangu hakujitetea. Aliweka mzigo chini, akamsalimu bwana wake kwa heshima, akasema: «Kweli ulisema, baba wa watoto. Ulisema Luvua ni maji. Basi tuanze nayo. Kesho nataka makala ya kuchemshia.» Shemeji alicheka kinyume cha mapenzi yake. Kesho yake makala ilikuwapo, na ni yeye aliyeibeba.

Tangu hapo kundi letu limepanga hivi: kila juma, kutoka kwenye ile sanduku ya safari, tunanunua dawa ya maji kwa jumla na kuigawa kwa nyumba kumi na nne, pamoja na za wale ambao hawakusafiri. Mama aliyesema ziwa haliliwi alikuwa wa kwanza kupokea. Alisema: «Haliliwi, lakini kumbe linafundisha.» Anajiandikisha kwa mwaka ujao.

Mtaniuliza kama ningekwenda tena, baada ya usiku ule. Nimejiuliza mwenyewe. Jibu ni ndiyo. Mama si punda wa kubeba tu. Anayechota maji kila siku ya maisha yake ana haki ya kuyatazama siku moja bila ndoo. Mama mwenye watoto saba amerudi na kazi zote amezikuta pale pale, lakini majirani wanasema anaimba akitwanga.

Kwa makundi yanayotaka kwenda

Anzeni sanduku mapema, tofauti na likelemba, na mmoja aandike kila franka. Bakizeni fungu moja la ugonjwa, lisiguswe kwa kitu kingine; sisi tulilitumia, na tusingekuwa nalo tungekopa ugenini.

Ulizeni habari za njia kwa waliopita juma hilo hilo, kuhusu usalama na kuhusu madaraja. Wakisema subiri, subirini. Ziwa limekaa mamilioni ya miaka, litawangoja mwezi mmoja.

Mtoto asiingie majini bila mkubwa anayeweza kumfikia kwa mkono. Kuna kina cha ghafla, kuna mawimbi, na mahali pengine kuna mamba na viboko. Ulizeni wenyeji ni wapi wao wenyewe wanaoga watoto wao. Epukeni maji yaliyotulia kwenye matete, kwa maana konokono wa kichocho hukaa huko. Mtoto akikojoa damu majuma au miezi baadaye, mpelekeni kwa muuguzi na mseme kwamba aliogelea ziwani.

Mkipanda mtumbwi wa kutembea, uwe asubuhi, karibu na ukingo, na kila mtu avae jile ya kuelea. Miezi ya kiangazi upepo wa kusini unaamsha mawimbi ghafla. Mtumbwi ukiwa umejaa, shukeni, hata kama mmelipa. Fedha mtazipata tena.

Kunyweni maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa, kuleni chakula kingali moto, noeni mikono kwa sabuni. Na wekeni bidoni ya maji karibu na watoto, si hatua ishirini. Hilo la mwisho nimelilipia.

Maulizo ya kuzungumza kwenye kundi

1. Ni lini mara ya mwisho ulikwenda mahali bila kazi, bila ugonjwa na bila kilio?

2. Katika nyumba yako, ni jambo gani unaliogopa ugenini na unaliachilia kwako?

3. Kundi lenu likipata sanduku dogo la safari, mngependa kuwaonyesha watoto mahali gani katika jimbo letu?

Leteni majibu yenu siku ya mkutano, yaliyoandikwa au ya mdomo. Juma lijalo mwenye ndagala ataeleza mwenyewe namna ya kujenga kichanja, maana wamama wa Luvua nao wana samaki wa kukausha. Mtoto, kwa wanaouliza, ni mzima. Jana alinijia na kikombe chake chenye jina akauliza: «Mama mkubwa, haya ni ya kuchemshwa?» Nilimwambia ndiyo. Akanusa kwanza, halafu akanywa.

Kaeni na amani.